Kabla ya Kumpaka Mtoto Pilipili Kwenye Kucha

Mvua ya Jumamosi iliwazuia wazazi wengi kufika kwenye mkutano wa shule hapa Tanga. Walioomba maneno yangu kwa maandishi, haya hapa, karibu kama nilivyoyasema.

Mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu, wazazi wenzangu. Shikamooni wakubwa zetu. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Na ninyi watoto mliojibanza pale dirishani mkidhani hamuonekani, hamjambo?

Mimi ni mtu wa meno, na najua mnachokitarajia: pigeni mswaki asubuhi na usiku, punguzeni pipi, asanteni kwa kunisikiliza, pilau liko wapi. Mswaki leo nauacha nyumbani. Nataka tuzungumze kuhusu kuuma.

Nani hapa ana mtoto anayetafuna kucha? Nyosheni mikono. Haya, karibu nusu ya mkutano. Nani analala na mtu anayesaga meno usiku? Naona akina mama mnatazamana na kucheka, basi nimeshajibiwa. Na nani kati yenu anatafuna udongo, mchele mbichi au barafu? Hapo mikono imekuwa mizito. Lakini ule udongo unaopangwa sokoni kwa mafungu, pembeni ya tangawizi, kuna mtu anaununua. Haununuliwi na mbuzi.

Tukimwona mtu anauma kisicho chakula, sisi hukimbilia adabu. Mtoto anapigwa kofi la mkono. Anapakwa pilipili, au shubiri, au maji ya mwarobaini. Mama mjamzito anachekwa. Mzee anayesaga meno anahamishiwa chumba cha nyuma. Hakuna anayeuliza mwili unasema nini. Mimi nawaomba swali moja tu, nanyi mtalisikia mpaka mlichoke: kuna nini kingine? Kuuma kukija peke yake, mara nyingi ni tabia tu, na tabia hupita. Kuuma kukija na mwenzake, mfuateni huyo mwenzake.

Tuanze na kucha, kwa sababu ndizo mlizonyoshea mikono.

Watoto wengi hutafuna kucha. Wengine huanza wakiwa na miaka mitatu, minne, na wengi huacha wenyewe wakishakuwa vijana. Anafanya hesabu, kidole kiko mdomoni. Anaangalia mpira, kidole kiko mdomoni. Huyo hana ugonjwa. Mkatie kucha ziwe fupi, mpe kitu cha kushika mkononi, mwache akue.

Sasa, kuna nini kingine? Aliletwa kwangu binti wa darasa la nne, mama yake akilalamika kwamba kucha zinaharibu meno. Nikamwomba binti anyoshe mikono. Kidole cha shahada kilikuwa kimevimba pembeni ya ukucha, chekundu, kinang'aa, na usaha umejikusanya chini ya ngozi. Ule mnaouita mdudu wa kidole. Nikamuuliza mama, usiku analala vizuri? "Halali, daktari. Anajikuna matakoni mpaka asubuhi." Huyo hapo mwenzake! Kuna minyoo midogo myeupe, mithili ya vipande vya uzi, ambayo jike lake hutoka usiku kutaga mayai kwenye njia ya haja kubwa. Mtoto anawashwa, anajikuna, mayai yanaingia chini ya kucha. Asubuhi kucha zinaingia mdomoni. Mzunguko umekamilika, na hapo unaweza kumpaka pilipili ya dunia nzima. Dawa ya minyoo ni ya nyumba yote, baba akiwemo, na inarudiwa baada ya wiki mbili, kwa sababu dawa inaua minyoo lakini mayai hubaki. Mashuka na chupi zifuliwe siku ileile ya dawa.

Kuna mwenzake mwingine, na huyu hatibiwi kwa vidonge. Mtoto anatafuna kucha mpaka damu inatoka, na bado anaendelea. Ukimchunguza, tumbo linamuuma kila Jumatatu asubuhi na Jumamosi halimuumi. Ameanza kukojoa kitandani na alishaacha. Jamani, tumbo gani hilo linalojua kalenda? Mtoto wa namna hiyo ana hofu. Huenda ni fimbo, huenda ni mwenzake mkubwa anayemnyang'anya hela ya kashata njiani, huenda ni kelele za baba na mama usiku. Na huenda ni jambo zito zaidi ambalo mtu mzima anamfanyia na kumwambia asiseme. Ukimpiga mkono kwa sababu ya kucha, umemthibitishia kwamba kusema hakuna faida. Kaa naye pembeni, ukiwa unamenya viazi au unachambua mchele, muulize taratibu, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kwetu wazazi.

Walimu, hili ni lenu pia. Ninyi mnawaona saa nyingi kuliko sisi.

Kusaga meno nitalipitia haraka. Bibi zetu walisema anayesaga meno ana minyoo, na mpaka leo mtoto akisaga anapewa dawa ya minyoo. Kumpa si vibaya, lakini watoto wadogo wengi husaga meno bila mnyoo wowote tumboni, na huacha. Mtu mzima ndiye wa kuangalia. Alikuja mama mmoja mwuza samaki, anaamka saa tisa usiku kwenda kusubiri mashua. Kila asubuhi kichwa kinamuuma hapa, kwenye panja zote mbili. Ametibiwa malaria mara kadhaa bila kipimo kuonyesha malaria. Nilipomwambia afumbue mdomo niliona magego yamelika juu, bapa kabisa, na kingo za ulimi zina alama za meno kama zimepigwa muhuri. Malaria ilikuwa haihusiki. Alikuwa anakabana na meno yake usiku kucha, akiwaza deni.

Na ninyi mnaolala na wakoromaji, sikilizeni. Mtu anakoroma, halafu kimya, hapumui, kisha anashtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu, na mchana anasinzia hata akiwa kwenye usukani. Huyo akiwa anasaga meno pia, asije kwangu kwanza. Aende kwa daktari apimwe presha na aeleze jinsi anavyopumua usingizini. Atakayeeleza vizuri ni wewe uliye macho, kwa hiyo mfuate.

Sasa nataka tukae hapa kwenye udongo, mchele mbichi na barafu. Hapa pana mambo.

Alinijia dada mmoja, mwanafunzi wa chuo, mrembo, amejifunga mtandio vizuri. Jino limevunjika. Gego zima la chini, limekatika kipande. Nikamuuliza ulikuwa unakula nini? Mifupa? Bisi? Akaangalia chini. "Barafu." Barafu ya juisi? "Hapana, barafu tu. Nagandisha maji kwenye vifuko, natafuna." Kila siku? "Kila siku. Na mchele mbichi, nikikosa barafu."

Mtu wa meno angeweza kuziba jino, akapokea hela, akasema mgonjwa anayefuata. Lakini kuna nini kingine? Nikamwomba anitolee ulimi. Ulikuwa mweupe na laini, umekuwa kama umepigwa pasi. Nikashusha kope lake la chini. Fanyeni sasa hivi, kila mmoja kwa jirani yake, kwa ruhusa yake: vuta taratibu ngozi ya chini ya jicho, angalia ndani. Panatakiwa pawe pekundu. Kwake palikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyozidishwa maziwa. Kucha zake, ambazo hakuzitafuna kabisa, zilianza kubonyea katikati kama kijiko. Tone la maji lingeweza kukaa pale. Akipanda ngazi za hosteli moyo unamdunda. Alidhani ni unene.

Nikamtuma maabara kabla ya kugusa jino. Damu ilikuwa imepungua vibaya. Na alipoulizwa vizuri na mama muuguzi, si mimi, akasema hedhi yake huchukua zaidi ya wiki na anabadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili. Tangu anavunja ungo. Hakumwambia mtu, kwa sababu aliambiwa mambo hayo hayasemwi.

Mmeona safari hiyo? Jino, barafu, ulimi, damu, hedhi. Jino lilikuwa mlango wa nyuma.

Hamu ya kutafuna barafu inajulikana sana kwa madaktari kuwa dalili ya upungufu wa madini ya chuma mwilini. Wengi wakipewa vidonge vya chuma, hamu inakwisha, wakati mwingine hata kabla damu haijarudi sawasawa. Udongo ni jambo hilohilo lenye mkono mwingine. Na lisionekane jambo la aibu la watu wachache. Kilifi, kwa majirani zetu wa pwani ya Kenya, watafiti waliwauliza wajawazito miaka ya 1990, na zaidi ya nusu walisema wanakula udongo. Pemba nako ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, na wajawazito waliokuwa wanakula udongo, mchele mbichi na vitu vya namna hiyo ndio waliopatikana zaidi na upungufu wa damu na matatizo ya tumbo.

Mtaniuliza, daktari, kipi kinaleta kipi? Damu inapungua ndipo mtu anatamani udongo, au udongo ndio unaopunguza damu? Vyote viwili vinawezekana, na ndiyo maana mtu ananasa. Udongo wa mfinyanzi hukamata madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini. Unaweza kubeba mayai ya minyoo, unaweza kubeba hata madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa mama na kwa mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo unakula udongo kwa sababu damu ni ndogo, na damu inazidi kuwa ndogo kwa sababu unakula udongo. Kumwambia mtu "acha, ni uchafu" ni sawa na kumwambia mwenye kiu aache kufikiria maji. Mpeleke akapimwe. Mjamzito kipimo chake cha damu kikiwa chini ya 11, tayari ana upungufu.

Na mtoto mdogo anayechokonoa ukuta na kula chokaa, anayelamba mkaa? Naye apimwe. Safura, ile minyoo ya tumboni, inanyonya damu polepole. Watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, nao huonekana na hamu hii ya kula visivyoliwa. Kama mtoto anakula udongo, macho yana umanjano, na viganja na miguu huvimba na kuuma, hao ni wenzake watatu kwa mpigo. Msingoje likizo.

Vidonge vya kuongeza damu mnavipata kliniki, na najua vinakoishia: juu ya kabati. Vinatia kichefuchefu, choo kinakuwa cheusi, mtu anaogopa. Choo kuwa cheusi ukiwa unameza chuma ni kawaida. Meza usiku kabla ya kulala kama asubuhi vinakusumbua. Usimezee chai! Chai ya rangi inazuia chuma kuingia mwilini, na sisi watu wa Tanga tunakunywa chai na kila kitu, hata na ugali nimeona. Chai isogezwe saa moja au mbili mbali na chakula na kidonge. Badala yake kamulia ndimu kwenye dagaa, kula chungwa, na machungwa ya Muheza tunayo mpaka yanaoza barabarani. Maini, dagaa, maharage, matembele, kisamvu. Hivyo vinasaidia, lakini ambaye damu imeshuka sana asidhani atapanda kwa matembele peke yake.

Mko pamoja nami? Nimebakiza kuuma kwa aina nyingine, ambako mwenyewe hajui kama ameuma.

Kijana anaamka asubuhi, ulimi unauma. Anajitazama kwenye kioo: pembeni mwa ulimi pamekatika, na mto una damu. Mwili mzima unauma kama amebeba magunia. Kitanda kimelowa. Familia inasema amekabwa na jinamizi, au kuna mtu anamchezea. Analetwa kwangu kwa sababu ya kidonda cha ulimi, na mimi naangalia kilipo. Mtu akijiuma anakula, mara nyingi hujiuma kidogo na anajua ameuma saa ngapi. Jeraha la pembeni mwa ulimi lililotokea usingizini, pamoja na kulowa na misuli kuuma, linanifanya nifikirie kifafa kabla ya kitu kingine chochote.

Kule Mahenge, mkoani Morogoro, daktari kutoka Norway aliyeitwa Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, watu wanaogopa hata mate yao kwa kuamini yanaambukiza. Hayaambukizi, na leo nayasema tena kwa sababu bado kuna nyumba hapa mjini ambamo mgonjwa wa kifafa ana sahani yake ya peke yake. Wagonjwa wa Mahenge walipewa vidonge, na wengi degedege zao zikapungua. Baadaye watafiti walihusisha wingi wa kifafa kule na usubi, ugonjwa unaoletwa na inzi weusi wadogo wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Sehemu nyingine za nchi yetu ambako nguruwe huzurura na vyoo ni haba, minyoo ya tegu inaingia kwenye ubongo na kuleta kifafa hichohicho. Unaona? Kidonda cha ulimi kinaweza kutupeleka mtoni na kwenye banda la nguruwe.

Hapa sasa nina neno kali. Mtu akianguka, acheni vijiko! Nimeng'oa vipande vya meno yaliyovunjwa na vijiko, na nimeshona kidole cha mjomba aliyetaka kuzuia ulimi "usimezwe". Ulimi haumezwi. Usiweke kijiko, usiweke kijiti, usiweke kidole, usimnusishe kiatu. Ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kanga chini ya kichwa, akilegea mlaze ubavu mate yatoke. Angalia saa. Ikizidi dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuta gari.

Kwa wazee wa barazani nina dakika moja. Tambuu, popoo, ugoro, kuberi: najua mnavyo mifukoni, msivitoe. Popoo yenyewe, hata bila tumbaku, Shirika la Afya Duniani kupitia wataalamu wake wa saratani limeiweka kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani. Mzee akisema "ninajiuma shavu kila siku mahali palepale", nataka kuona mahali hapo. Kidonda kisichopona kwa wiki mbili, doa jeupe au jekundu lisilofutika, mdomo usiofunguka kama zamani mpaka tonge linakataa kuingia. Hivyo haviumi mwanzoni, na ndiyo hatari yake. Mzee anakuja kwangu kikiwa kimeshaanza kuuma, na hapo kazi ni kubwa.

La mwisho ni la watoto wachanga, na naona wengi mmewabeba.

Mtoto wa miezi sita anauma kila kitu. Anauma kanga, anauma bega lako, anauma ziwa mpaka unaruka. Meno yanakuja, mate yanatiririka, fizi zinawasha. Mpe kitambaa safi chenye baridi atafune. Lakini siku mtoto huyo akiharisha na kuwa na homa kali, mtaani zinaanza hadithi: ana meno ya nailoni. Imani hii imeenea nchini tangu miaka ya 1980. Mganga anafunua fizi, anaonyesha uvimbe mweupe pale chonge litakapotokea, anasema huo ndio unaomharisha mtoto. Kisha anautoa. Kwa kisu, kwa spoku ya baiskeli, bila ganzi.

Mnajua kile cheupe ni nini? Ni jino lenyewe la mtoto, changa, halijakomaa. Kila mtoto analo. Ukifunua fizi za mtoto mwenye afya njema utalikuta palepale. Nimewaona wakiletwa wakiwa wamevuja damu, wengine na vijidudu vimeingia kwenye damu, na pepopunda inawezekana. Waliopona wanakua, na chonge la ukubwani linatoka limepinda au halitoki kabisa.

Na wakati fizi zinapasuliwa, kinachomharisha kiko kwenye maji, na homa huenda ni malaria. Meno kuota hakuleti homa kali. Kuna nini kingine? Ananyonya? Anatapika kila anachopewa? Amelegea hata hakutazami? Amepata degedege? Moja tu kati ya hayo linatosha, nenda hospitali usiku huohuo. Akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki, na zinki aendelee nazo siku 10 mpaka 14 hata kama kuharisha kumekata siku ya tatu. Endelea kunyonyesha.

Mwalimu mkuu ananionyesha saa. Basi, wauguzi wawili nimekuja nao, wako darasa la pili kule mwisho, na kipimo cha damu ni tone moja la kidole. Wajawazito waanze, kisha wenye watoto wachanga, kisha ninyi wa barafu ambao hamkunyosha mikono. Mimi nitakaa chini ya mwembe na tochi yangu. Mwenye swali la mdomo aje hapo, na wazee wa tambuu njooni pamoja kama mnaona aibu kuja mmoja mmoja. Pilau halijaiva, nimeuliza.